Kutoka Gome la Muthiga hadi Sahani ya Petri: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Dawa za Miti Nairobi

Miraa inayochumwa mjini Maua, Meru, alfajiri huwa imefika Eastleigh kabla jua halijatua. Hufungwa kwenye majani ya mgomba isinyauke, na dereva wa pikapu hapunguzi mwendo hata penye matuta. Wafanyabiashara walijua sababu kabla ya mkemia yeyote: ikinyauka, imekwisha. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitenga kathinoni, kemikali inayochangamsha, kutoka kwenye majani mabichi, ndipo ikaeleweka kwamba jani likikauka, kathinoni hugeuka kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi. Mti ni ule ule na jani ni lile lile, ila kilichomo jioni sicho kilichokuwamo asubuhi.

Naanza na miraa kwa sababu kila mkazi wa Nairobi anaifahamu, na kwa sababu inabeba jambo ambalo wanafunzi wengi hulielewa wakiwa wamechelewa. Maabarani hatupimi mti. Tunapima dondoo, yaani kile kilichobaki baada ya maamuzi yetu yote: siku tuliyochuma, sehemu tuliyokata, jinsi tulivyokausha, kiyeyushi (kimiminika cha kuyeyushia kilichomo) tulichomimina, joto tulilotumia. Badilisha uamuzi mmoja na umepata dondoo jingine, pengine na jibu jingine. Mwongozo huu unafuata maamuzi hayo moja baada ya jingine. Nimewaandikia wanafunzi wa kemia, famasia na botania, na pia matabibu wa miti shamba wanaotaka kujua dawa yao hufanyiwa nini ikifika maabara.

Mfano wangu utakuwa muthiga, kwa jina la kisayansi Warburgia ugandensis. Wakikuyu huuita muthiga, Wamaasai osokonoi. Gome lake hutafunwa kwa kikohozi, kwa koo linalowasha na kwa jino linalouma.

Hatua ya 1: Tafuta swali dogo

"Je, muthiga unatibu?" ni swali lisilojibika maabarani. Unatibu nini, kwa nani, kwa kipimo gani? Lipunguze hadi liweze kuingia kwenye sahani: "Je, dondoo la gome la muthiga lililotolewa kwa heksani linazuia kuvu aina ya Candida albicans kukua, na kwa ukolezi gani?" Swali la namna hiyo lina jibu la ndiyo au la, na lina namba.

Kabla ya kununua chochote, shughulikia karatasi. Utafiti Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na ukichuma kwenye hifadhi au msitu wa serikali unahitaji pia kibali cha wanaousimamia. Kama umeelekezwa mti huo na jamii au tabibu fulani, ipo Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na inadai uombe ridhaa na mkubaliane kuhusu manufaa. Fanya makubaliano hayo mwanzoni. Ukisubiri matokeo mazuri yapatikane kwanza, umeshamdhulumu aliyekuonyesha njia.

Hatua ya 2: Hakikisha mti ni huo

Mara yangu ya kwanza kununua muthiga nilikwenda soko la Gikomba, kwa shosho mmoja aliyekuwa amepanga magome na mizizi juu ya gunia. Nilichukua kipande cha kahawia, kigumu, nikamuuliza, "Shosho, hii ni muthiga?"

"Usiniulize mimi. Onja."

Nikavunja kipande kidogo, nikatafuna. Sekunde chache hakukuwa na kitu, ila uchungu kidogo kama wa kijiti chochote. Kisha ulimi ukaanza kuwaka, ukali kama pilipili manga ukashuka polepole hadi kooni ukakaa huko dakika kadhaa. Shosho alikuwa akinitazama usoni, na alipoona macho yamelowa akafunga kipande kwenye gazeti.

Ukali ule una jina. Unatokana na seskwiterpeni za kundi la drimani, hasa poligodiali, warburganali na muzigadiali, ambazo kila moja ina aldehaidi mbili zilizokaa jirani. Mwaka 1976 Koji Nakanishi, ambaye miaka hiyo alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa utafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu hapa Nairobi, na wenzake akiwemo Isao Kubo, walitangaza kwamba kampaundi hizi zinawafanya viwavijeshi waache kula majani yaliyopakwa. Kwa hiyo shosho hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ananifundisha kipimo cha ubora. (Usionje mti usioujua, hata ukihimizwa vipi. Muthiga umetafunwa kwa vizazi, lakini ipo mizizi ambayo kipande kidogo tu kinatosha kukudhuru.)

Miezi michache baadaye nilinunua gunia la pili kwa mchuuzi mwingine, sikuonja, na sikuomba tawi. Nikasaga, nikatoa dondoo, nikafanya kazi ya wiki tano. Matokeo hayakufanana hata kidogo na ya kwanza. Niliporudi kwenye unga na kuuweka ulimini, ukali ulikuwa hafifu sana. Nikapeleka magome yaliyobaki kwa mtaalamu wa mimea, naye akaniambia kwa upole kwamba hakuna anayeweza kulitaja gome tupu kwa uhakika. Wiki tano zikaenda hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda mti ulipo, au mwombe anayekuuzia akupeleke. Kata tawi lenye majani na, ikiwezekana, maua au matunda. Libane katikati ya magazeti na mbao mbili, ubadilishe magazeti kila siku hadi likauke. Andika tarehe, mahali, mwinuko, jina la kienyeji, matumizi, na jina la aliyechuma. Lipeleke katika Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa iliyo Makumbusho ya Kitaifa, Museum Hill, au hebaria ya chuo chako. Ukishathibitishiwa mti, sampuli itabaki kule na wewe utapewa namba. Namba hiyo iandikwe kwenye kila chupa utakayojaza kuanzia siku hiyo. Bila namba, hakuna atakayeweza kurudia kazi yako. Kwa muthiga jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu pwani kuna ndugu yake, Warburgia stuhlmannii, na gome lake ni kali vilevile.

Hatua ya 3: Kuchuma, kukausha, kusaga

Usizungushe kisu kwenye shina. Gome likitolewa kwa duara, chakula kinachotoka majanini hakishuki tena mizizini na mti hufa. Toa vipande vyembamba vya wima upande mmoja, uache mwingine. Muiri, Prunus africana, ambao gome lake huuzwa nje kwa tatizo la tezi dume, umechunwa kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ikiwa majani yanaweza kujibu swali lako, tumia majani. Muthiga una ukali hadi majanini.

Kausha kivulini, penye upepo, juu ya wavu au karatasi safi, ukigeuza kila siku. Jua kali huharibu baadhi ya kampaundi, na oveni yenye joto kali hufukuza mafuta yenye harufu: mchaichai uliokaushwa kwa nyuzi 100 hauna sitrali ya kutosha kuzungumziwa. Lakini Nairobi ya Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, na gome linaweza kukaa wiki tatu bila kukauka huku ukungu ukiota chini yake. Msimu huo natumia oveni yenye feni kwa nyuzi 35 hadi 40, na naandika hivyo kwenye daftari. Sampuli yenye ukungu tupa. Ukungu una kemikali zake, baadhi ni sumu na baadhi huua bakteria, na utazisingizia mti.

Kusaga, tumia mashine ya maabara. Najua wanaopeleka kwenye kinu cha posho kwa sababu ni rahisi, lakini humo mna unga wa mahindi wa watu mia. Vaa barakoa. Unga wa muthiga ukiruka utapiga chafya na kutoa machozi hadi jioni.

Hatua ya 4: Kiyeyushi ndicho kinachochagua

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote. Kampaundi zinazopenda mafuta, kama terpeni na steroli, hutoka kwa heksani au daikloromethani. Flavonoidi nyingi hutoka kwa ethili asetati na methanoli. Tanini, sukari na saponini hufuata methanoli na maji. Alkaloidi zina tabia ya kipekee: kwenye asidi hugeuka chumvi na kuingia majini, kwenye besi huachana na maji na kuhamia kwenye kiyeyushi cha mafuta, na tabia hiyo hutumika kuzitenga na umati uliobaki.

Kisa kinachofundisha jambo hili kuliko kingine ni cha Tu Youyou wa China. Timu yake ilikuwa inatafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa qinghao, Artemisia annua, na matokeo yalikuwa yanayumba. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, akaona kwamba maelekezo yale hayakusema mmea uchemshwe: uloweke majini, ukamue, unywe. Akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu. Akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 35 tu, na mwezi Oktoba 1971 dondoo namba 191 likawamaliza vimelea kwenye panya. Humo ndimo ilimotoka artemisinini, na mwaka 2015 Tu akapata Nobeli. Mmea ulikuwa mikononi mwao muda wote. Kilichobadilika ni joto na kiyeyushi.

Usisahau pia kuuliza watu wanaitumiaje dawa hiyo nyumbani. Wamaasai huchemsha gome la olkiloriti, aina ya mgunga, ndani ya supu ya nyama. Supu ina mafuta, na mafuta ni kiyeyushi. Mtafiti anayechemsha gome kwa maji matupu halafu akatangaza kwamba "dondoo la kienyeji halina nguvu" hajapima dawa ya kienyeji. Amepima kitu alichobuni mwenyewe.

Kwa muthiga, nakushauri utoe madondoo kwa mfululizo. Pima gramu 100 za unga, weka kwenye chupa ya kioo, mimina mililita 1,000 za heksani, funika, acha saa 48 ukitikisa mara kwa mara. Chuja. Kausha unga uliobaki kwenye chemba ya hewa (kabati lenye feni inayovuta mvuke nje), kisha rudia na daikloromethani, halafu methanoli. Pembeni, chukua unga mwingine mpya utoe dondoo la maji kama anavyofanya shosho, kwa kipimo chake na muda wake. Utakuwa na madondoo manne ya kulinganisha.

Methanoli hupofusha na huua, heksani hushika moto kwa cheche. Kazi hii si ya jikoni wala ya bedsita. Fanya ndani ya chemba ya hewa, na mabaki yaende kwenye chupa ya taka, si kwenye sinki.

Hatua ya 5: Kuvukiza na kupima uzito

Tumia mashine ya kuvukiza inayozunguka, ile tunayoiita rotavapa, maji yake yakiwa nyuzi 40. Ombwe litashusha kiwango cha kuchemka, hakuna haja ya kuongeza joto. Dondoo la maji lisivukizwe hivyo, ligandishwe na kukaushwa kwa baridi. Hamishia dondoo kwenye kichupa ulichokwisha kupima uzito wake kikiwa kitupu, acha likauke hadi uzito usibadilike siku mbili mfululizo.

Hesabu ni fupi. Ukipata gramu 8.4 kutoka gramu 100 za unga, mavuno ni asilimia 8.4. Weka kwenye chupa nyeusi, kwa nyuzi 4, ukiandika mti, namba ya hebaria, sehemu, kiyeyushi na tarehe. Kwa kalamu isiyofutika, tafadhali. Nimeona friji nzima ya chupa zenye maandishi yaliyofutwa na methanoli.

Hatua ya 6: Vipimo vya rangi

Vipimo hivi ni kama kubisha hodi: vinakuambia ndani kuna watu, havikuambii majina yao. Fanya kwa kiasi kidogo, kwenye neli, ukiwa na neli moja isiyo na dondoo ya kulinganisha.

Tanini na fenoli nyingine hugeuka bluu iliyokolea au kijani kibichi cheusi zikiwekewa matone ya feriki kloridi. Saponini hutoa povu ukitikisa dondoo na maji, na povu hilo likidumu zaidi ya dakika kumi ndipo uliamini. Flavonoidi huwa njano iliyokolea kwenye sodiamu haidroksaidi na rangi hupotea ukiongeza asidi. Alkaloidi hutoa mashapo ya rangi ya chungwa kwa kitendanishi cha Dragendorff na ya rangi ya krimu kwa cha Mayer, lakini protini nazo zinaweza kudanganya hapa, basi usitangaze alkaloidi kwa kipimo kimoja. Terpenoidi huonyesha duara la hudhurungi-nyekundu katikati ya klorofomu na asidi sulfuriki kali. Na ukichunguza shubiri, jaribu amonia: antrakwinoni, kundi la kampaundi zinazofanya utomvu wake uharishe, huigeuza pinki.

Majarida yamejaa majedwali ya alama za kujumlisha na kutoa kutoka kwenye vipimo hivi, na kwa maoni yangu mengi yangepaswa kuishia kwenye daftari. Jedwali hilo likiwa ndilo matokeo yako pekee, bado hujaanza.

Hatua ya 7: Kromatografia ya bamba

Kwa kifaa cha bei nafuu kinachosema kweli, sijaona kinachoishinda hiki. Chukua bamba la silika, piga mstari mwepesi wa penseli sentimita 1 kutoka chini, weka madoa madogo ya madondoo yako yote pamoja na kampaundi safi ya kulinganisha ukiwa nayo. Simamisha bamba kwenye chupa yenye heksani na ethili asetati kwa uwiano wa 7 kwa 3, funika. Kiyeyushi kitapanda, na kila kampaundi itapanda kwa mwendo wake.

Kikikaribia juu, toa bamba, weka alama ya kilipofika, kausha. Tazama chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, kisha 366. Halafu nyunyizia anisaldehaidi yenye asidi sulfuriki na upashe moto kwa nyuzi 105. Mwanzoni bamba ni jeupe. Baada ya dakika moja au mbili terpenoidi huanza kuchomoza, moja zambarau, nyingine pinki, nyingine buluu, zimepangana wima. Sijawahi kuzoea dakika hiyo.

Pima umbali wa doa na ugawanye kwa umbali wa kiyeyushi: sentimita 4.2 kwa 7.0 ni 0.60. Namba hiyo, pamoja na rangi, ni alama ya kidole ya dondoo lako. Hapa ndipo gunia langu la pili lilipokamatwa. Niliweka gome la Gikomba na lile jingine kwenye bamba moja, na upande mmoja madoa ya katikati hayakuwapo kabisa. Kama ningefanya hivyo siku ya kwanza ningeokoa wiki tano.

Kujua majina ya kampaundi kunahitaji mashine kubwa zaidi: GC-MS kwa zinazovukika, LC-MS kwa nyingine, na NMR kwa kampaundi iliyokwisha tengwa peke yake. Tahadhari moja kuhusu GC-MS. Kompyuta ya mashine hukupa jina na asilimia ya kufanana na maktaba yake. Kufanana kwa asilimia 85 ni fununu tu, na kampaundi zisizovumilia joto zinaweza kuvunjika ndani ya mashine ukasoma majina ya vipande. Usinakili orodha nzima na kuiita muundo wa mti wako.

Hatua ya 8: Fenoli na DPPH

Fenoli zote kwa jumla hupimwa kwa kitendanishi cha Folin-Ciocalteu, nanomita 765, ukilinganisha na asidi ya galiki. DPPH, kemikali isiyotulia inayotumika kupima uwezo wa kuzuia oksidisho, ni zambarau. Dondoo lenye uwezo wa kuipa hidrojeni huigeuza njano, na unasoma nanomita 517 baada ya dakika 30 gizani, ukiweka vitamini C pembeni. Ni rahisi, na ndiyo sababu kila mtu huifanya. Lakini chai ya Kericho nayo huigeuza njano kwa kishindo, na hakuna anayeiita dawa ya saratani. Matokeo ya DPPH yanahusu neli. Yaandike hivyo.

Hatua ya 9: Dondoo mbele ya vijidudu

Kazi hii ifanyike kwenye maabara ya mikrobiolojia yenye kabati salama na otoklevu. Tumia vijidudu vya rejea ili mwingine aweze kulinganisha: Staphylococcus aureus ATCC 25923, Escherichia coli ATCC 25922, na Candida albicans ya rejea.

Anza na visahani vya karatasi. Yeyusha dondoo kwenye DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji, miligramu 100 kwa mililita. Tone la mikrolita 10 kwenye kisahani cha milimita 6 ni miligramu 1. Tengeneza mchanganyiko wa bakteria unaolingana na McFarland 0.5 (kipimo cha jinsi mchanganyiko ulivyo na ukungu), karibu seli milioni 150 kwa mililita, upake juu ya agari ya Mueller-Hinton, chakula cha bakteria kilichogandishwa. Candida mpe agari ya Sabouraud. Weka visahani, kisha inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Pima kipenyo cha duara lisilo na kitu.

Kwenye kila sahani lazima kuwe na kisahani cha DMSO peke yake na kisahani cha dawa inayojulikana, kwa mfano jentamisini kwa bakteria na flukonazoli kwa kuvu. Nasisitiza kisahani cha DMSO. Niliwahi kusherehekea duara la milimita 9 nikiwa sijakiweka. Niliporudia, DMSO tupu iliyokuwa kwenye chupa ile, chupa ya zamani iliyoachwa wazi, nayo ikatoa duara.

Usidanganywe na ukubwa wa duara. Kampaundi zinazopenda mafuta husambaa kwa shida ndani ya agari, kwa kuwa agari imejaa maji. Dondoo la heksani la muthiga linaweza kuonyesha duara dogo kuliko linavyostahili, huku dondoo jingine dhaifu lililosambaa vizuri likionekana shujaa. Kwa hiyo duara ni la kuchuja tu. Jibu lenyewe liko kwenye bamba la vishimo 96.

Weka mchuzi wa Mueller-Hinton kwenye vishimo, anza na ukolezi wa juu, punguza kwa nusu kila kishimo: 1,000, 500, 250, 125, hadi chini ya 10, zote zikiwa mikrogramu kwa mililita. Ongeza bakteria wafike 500,000 kwa mililita. (Kwa Candida seli huwa chache zaidi na mchuzi ni RPMI.) Kwa kuwa dondoo mama ni miligramu 100 kwa mililita, kishimo cha kwanza kitakuwa na DMSO asilimia 1, weka safu yenye DMSO hiyo bila dondoo. Baada ya usiku mmoja ongeza resazurini. Buluu ikibaki buluu, hakuna anayekua. Ikigeuka pinki, wako hai. Kishimo cha mwisho chenye buluu ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuzuia.

Watafiti wengi huliona dondoo ghafi kuwa la kufuatilia likizuia kwa mikrogramu 100 au chini. Likihitaji zaidi ya 1,000, kwa maoni yangu liache. Kwa wingi huo hata vitu vya kawaida huzuia bakteria. Tarajia pia E. coli kuwa mgumu kuliko Staphylococcus, kwa sababu ana utando wa pili wa nje unaozuia kampaundi nyingi kuingia. Rudia kila jaribio mara tatu, siku tofauti.

Kuna njia nzuri ya kuunganisha hatua ya 7 na hii. Endesha bamba la silika bila kulinyunyizia, limwagie agari yenye bakteria, liache usiku kucha, kisha ongeza rangi inayoonyesha uhai. Madoa meupe yatatokea pale pale kampaundi inayoua ilipokaa. Badala ya kusema "dondoo linafanya kazi", utanyoosha kidole kwenye doa.

Hatua ya 10: Je, linaua na mwenye nyumba?

Muthiga una aldehaidi zinazong'ang'ania protini, na protini za mwili wako nazo zimo. Ukali unaokulowesha macho ndio huo huo. Kila dondoo linaloua vijidudu lipimwe sumu.

Njia nafuu ni mayai ya Artemia salina, kidudu cha maji ya chumvi. Yaangue kwa saa 48, weka viluwiluwi kumi kwa kila neli yenye ukolezi tofauti, hesabu waliokufa baada ya saa 24. Hatua inayofuata ni seli, mara nyingi Vero, zitokanazo na figo ya tumbili, kwa kipimo cha MTT, rangi inayoonyesha seli zilizo hai. Gawanya ukolezi unaoua nusu ya seli kwa ukolezi unaozuia kijidudu. Ukipata 200 kwa 20, uwiano ni 10, na kuna sababu ya kuendelea. Ukipata 1, dondoo linaua kila kitu bila kuchagua, na hiyo ni sumu, hata kama duara lilikuwa zuri. Kazi ya wanyama inahitaji kamati ya maadili na watu waliofunzwa.

Hatua ya 11: Andika, kisha rudi sokoni

Kwenye ripoti yako weka yote: namba ya hebaria, mwezi wa kuchuma, joto la kukausha, uwiano wa kiyeyushi, mavuno, vidhibiti (kama DMSO tupu na dawa inayojulikana), na matokeo yaliyoshindwa. Sentensi yako ya mwisho isizidi ulichopima. "Dondoo la heksani lilizuia Candida kwa mikrogramu kadhaa kwa mililita" ni sentensi halali. "Muthiga hutibu fangasi" inahitaji wagonjwa, vipimo vya dozi na miaka. Anayetaka kuuza bidhaa, njia yake inapitia Bodi ya Famasia na Sumu.

Nilirudi Gikomba nikiwa na karatasi moja, nimeandika matokeo kwa Kiswahili chepesi. Nikamweleza shosho kwamba dondoo la maji lilikuwa dhaifu kuliko yote, na lile la kiyeyushi cha mafuta ndilo lililosumbua kuvu. Akauliza kama aache kuchemsha. Nikamwambia sijapima chai yake ndani ya mtu, nimepima ndani ya vishimo, siwezi kumwambia aache. Akakaa kimya kidogo, akanionyesha gome. "Ya koo huwa nawaambia watafune. Ya kuchemsha ni ya tumbo."

Kwa hiyo swali langu linalofuata ni la tumbo, na safari hii dondoo ni la maji. Yeye naye alichukua jambo moja kutoka kwenye karatasi ile: siku hizi kila gunia lake lina tarehe ya kukatwa, kwa kalamu nyekundu, juu kabisa karibu na kamba.